Maji Aliyofia Wahab

Afande Mafabi aliisukuma bahasha ya kaki kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayemsogeza mende asiyetaka kumgusa.

"Hii ndiyo inakunyima usingizi, Ramlah? Majani ya ziwa?"

"Hatujajua kama ni ya ziwa, Afande."

"Mtu ametolewa ziwani. Majani iko ndani ya pua yake. Sasa itakuwa ya wapi? Ya Kampala?"

Makonstebo wawili waliosimama mlangoni walicheka kwa kiasi kile ambacho wakubwa hupenda kuchekewa. Inspekta Ramlah hakucheka. Aliirudisha bahasha upande wake wa meza, taratibu, akaishika.

Ilikuwa Alhamisi, saa moja asubuhi. Alfajiri ya jana yake, wavuvi wa mwalo wa Masese, hapa Jinja, walikuwa wamemwopoa Wahab, kijana wa Kinubi aliyekuwa akiendesha pikapu na kupeleka samaki wakavu Mbale. Pikapu yenyewe ilikutwa imeegeshwa karibu na mwalo, ufunguo ndani. Daktari alimtazama mbiombio, akabonyeza kifua, povu likatoka, akaandika kwamba amekufa maji. Maiti ya Mwislamu hailazwi. Ilipofika alasiri Wahab alikuwa tayari kaburini, na Alfayo alikuwa ndani ya selo tangu adhuhuri.

Alfayo alikuwa dereva wa lori kutoka Kenya. Jumatatu jioni yeye na Wahab waligombea nafasi ya kupakia samaki, na mbele ya kadamnasi Alfayo akatamka maneno ambayo kila mtu pale mwaloni aliweza sasa kuyarudia neno kwa neno: "Nitakutosa humu uliwe na sangara!" Ibra muuza barafu aliandikisha kwamba tangu ugomvi ule hadi maiti ilipoopolewa, Alfayo hakuondoka Masese hata hatua moja. Wachukuzi wawili waliandikisha hivyo hivyo. Mafabi aliyapenda maelezo hayo matatu kama mtu apendavyo viatu vipya.

"Ushahidi ya chuma," alisema sasa, akilipiga faili kofi. "Alitisha. Alikuwa hapo siku zote. Maji iko hapo. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua kitu hiki ni nini."

Sheria iliwapa saa arubaini na nane. Ijumaa saa sita mchana Alfayo angepelekwa mahakamani kwa mashtaka ya mauaji, na kwa mashtaka hayo mtu hapati dhamana kirahisi. Hukaa rumande akingoja Mahakama Kuu, miaka miwili, mitatu, mpaka watoto wake wanamsahau sura. Hati ya mashtaka ilikuwa imekwisha pigwa chapa. Ilingoja sahihi moja tu, ya mpelelezi, nayo ilikuwa ya Ramlah.

Alikuwa amezaliwa Masese. Aliyajua magugu maji, aliujua ukoga wa mawe ya mwaloni uliomwangusha mara nyingi na ndoo kichwani. Kilichokuwa ndani ya bahasha hakikufanana na hivyo hata kidogo. Kilikuwa kijiuzi kirefu kama ukucha wa mtoto, na juu yake vijani vilivyopangana safu mbili, vidogo kuliko chembe ya ulezi, vimekazana kama nywele za mwanasesere zilizosukwa. Aliyekileta polisi alikuwa Asadu, fundi wa magari ambaye pia ndiye mwosha maiti wa jamaa za Wahab. Alipoinamisha kichwa cha Wahab kwa josho la kwanza, maji yalitoka puani na kijani hicho kikaja nayo. Kwa kawaida kinachotoka mwilini hufuatana na mwenyewe kaburini. Asadu alikiona si cha kawaida, akakibeba kwa pamba mpaka kituoni.

Na kituoni Sulaiman, mtunza stoo ya vielelezo, alikianika juu ya bati la jua kali mpaka kikawa kama jani kavu la chai. "Kielelezo ikilowa inaoza, Afande," alimweleza Ramlah kwa fahari. "Sheria ya stoo." Miaka kumi na minne alikuwa akianika mashati, kamba na magunia ya bangi, na hakuna aliyelalamika.

"Nipe siku moja," Ramlah alimwambia Mafabi.

"Unakwenda wapi?"

"Mbale. Kuna mwalimu mstaafu huko anayejua mimea ya namna hii."

"Mbale!" Mafabi aliegemea kiti kikalia. "Mimi ni Mgisu. Nimezaliwa huo mlima ya Mbale. Majani yake nimeteleza nayo nikiwa bila suruali. Unakwenda kuuliza nini ambayo mimi sijui?"

"Basi niambie hiki kinaitwaje, Afande."

Makonstebo walitazama dari. Mafabi alimkazia macho Ramlah, kisha akaitazama saa ya ukutani.

"Kesho asubuhi uko hapa. Ukirudi mikono mitupu unatia sahihi. Halafu nakutuma Buwenge, siku ya gulio, uongoze mbuzi na boda."

"Buwenge nako kuna watu, Afande," alisema Ramlah, akatoka.

*

Hakupita njia ya mkato ya wenye haraka. Alizunguka Tororo makusudi, ili apite Busiu, kwa maana mtu wa mwisho kumkodi Wahab alikuwa na duka la mbao pale senta, kando ya barabara. Jina lake lilikuwa Emma, mwanamume wa makamo, shati jeupe, viatu vinavyong'aa katikati ya vumbi la mbao.

Ramlah alimsalimu kwa Kiswahili. Emma alimjibu kwa Kiingereza kwamba lugha ya wanajeshi haijui, wala hataki kuijua.

"Lugha haijampiga mtu kitako cha bunduki, bwana. Waliopiga ni watu," alisema Ramlah. "Kwetu tunaitumia kuposea. Una kiti?"

Emma alitafuta kiti. Na Kiswahili nacho kikapatikana.

"Wahab alikubeba Jumanne."

"Alinibeba. Tulitoka Jinja asubuhi, akaniweka hapa kama saa nne."

"Mlisimama wapi njiani?"

"Popote hapana. Hata kukojoa hatukusimama."

"Kisha mkaenda mlimani?"

"Mlima ya nini? Mbao yangu inaletwa mpaka hapa. Mimi mlima sijapanda tangu Krismasi."

"Na yeye?"

"Aligeuza gari palepale. Niliona na macho yangu, akaelekea Tororo. Alisema anawahi samaki yake Masese." Emma alitabasamu. "Lakini si mmeshika ule Mkenya? Redio ilisema."

"Redio husema mengi."

Ramlah aliandika kila neno, akamgeuzia daftari asome. Emma alitia sahihi bila kusoma, akauliza kama Inspekta angependa soda. Inspekta hakupenda.

*

Mwalimu Wilkista alikuwa ameolewa Mbale akitokea upande wa pili wa mpaka, miaka arubaini iliyopita, na Kiswahili chake kilikuwa bado kimenyooka kama rula. Alikuwa amefundisha bayolojia mpaka sauti ikakauka. Kila likizo ya Agosti aliwapandisha wanafunzi mlimani kuokota vitu ambavyo wenzake walivikanyaga. Ukuta mzima wa sebule yake ulikuwa masanduku ya viatu yaliyojaa bahasha, na mbele ya dirisha ilisimama hadubini ya zamani, ile ya kioo cha kunasia mwanga wa jua.

Alikiweka kijiuzi juu ya kipande cha kioo, akakidondoshea maji tone moja.

"Usipepese," alisema.

Kile kitu kilichokuwa kama majani ya chai kilijinyoosha. Vijani vikafunguka kimoja baada ya kingine, vikarudi kijani, kana kwamba vilikuwa vimesinzia tu.

"Kiko hai?"

"Kimelewa maji. Hai ni jambo jingine. Njoo uone."

Ramlah alifumba jicho moja. Kila kijani kilikuwa kimekunjwa chini na kufanya kifuko, kama pindo la kanga lililofungiwa sarafu.

"Vifuko hivyo ni vya kuwekea maji," alisema Wilkista. "Huu si mwani wala ukoga. Ni binamu wa kuvumwani, ule mmea laini unaofunika mawe na magogo. Hauna mzizi, hauna ua, hauna mbegu. Wataalamu wa zamani waliona baadhi yao wana umbo la ini, wakawapa jina la ini, likawaganda. Jina lake la Kilatini ni refu kuliko wenyewe."

"Unaota ziwani?"

"Ziwani utaota kama wewe utakavyoota ziwani. Unaishi kando ya maji, unakunywa ukungu."

Ramlah alishika kalamu, lakini mwalimu aliinua kidole kama aliyemwona mwanafunzi akikimbilia jibu.

"Subiri. Wako ndugu wawili wa sura moja. Huyu wa kwanza yuko kila penye unyevu: mlimani, msituni, hata kwenye mibuni ya watu. Mwanasheria atasema marehemu alijikwaruza kwenye mti wowote. Huyu wa pili nimemtafuta miaka thelathini, nimemkuta mahali pamoja tu. Maporomoko ya Namukhoma, huko juu mlimani, nyuma ya pazia la maji, kwenye mwamba ambao jua haliufikii. Msitu wa hifadhi. Siku hizi miti mikubwa inakatwa huko kwa siri."

"Na huyu ni yupi?"

"Sijui."

"Mwalimu!"

"Tofauti yao iko ndani ya seli. Huyu wa kila mahali ana vitone vya mafuta vingi, vidogo, kama mtama uliomwagika. Wa Namukhoma ana tone moja kubwa la hudhurungi, linajaza seli nzima. Lakini mmea ukikauka mafuta hayo hutoweka, na hata ukiulowesha mwaka mzima hayarudi. Nani aliyeukausha?"

"Sulaiman. Wa stoo."

"Mwambie amemkata shahidi ulimi."

Simu ya Ramlah ililia. Mafabi. Aliuliza kama majani yamekwisha taja jina la muuaji. Ramlah alisema bado. Mafabi akasema hati iko mezani, wino upo, na kwamba amesikia huyo mwalimu wa Mbale naye ni Mkenya, kwa hiyo aangalie sana anachokileta. Kisha akakata.

"Mwalimu," alisema Ramlah, "kwa makisio yako tu."

"Kwa makisio ni wa Namukhoma."

"Andika hivyo."

"Siandiki."

"Kuna mtu kesho saa sita anapelekwa rumande kwa kitu ambacho hakufanya."

"Na nikikisia leo ukamtoa, mwezi ujao utaniletea jani jingine nikisie umfunge mwingine. Mwanangu, nimekataa kumpa maksi mtoto wa waziri. Sitatia sahihi kitu ambacho jicho langu halijakiona."

Ramlah alitaka kukasirika, akakuta hasira yenyewe inamheshimu yule mama. Aliinuka akasimama dirishani. Juu kabisa mlima ulikuwa umejifunika wingu. Akaanza upya, kama alivyofunzwa, tangu mkono wa kwanza uliokigusa kielelezo. Asadu aliinamisha kichwa. Maji yakatoka puani.

Akampigia Asadu.

"Asadu, kile kijani kilitoka tundu lipi la pua?"

"La kulia, dada Ramlah."

"Na la kushoto?"

Upande wa pili nyundo iligonga chuma gereji.

"La kushoto nalo lilikuwa nacho," alisema Asadu. "Nilivileta vyote viwili. Huyo Sulaiman wenu akakataa cha pili, akasema kimoja kinatosha, hiki kinamloweshea daftari."

"Ukakitupa?"

"Nitupe? Kitu cha maiti?" Sauti yake ilipanda. "Kiko nyumbani, kwenye chupa ya jamu, ndani ya pamba mbichi. Kaburi lilikuwa limekwisha fungwa. Kesho baada ya swala ya Ijumaa nakwenda kukizika ubavuni mwake."

"Hukukianika?"

"Kilichotoka kwa maiti kinaanikwa kama muhogo, dada?"

Ramlah alifumba macho. "Usikiguse. Namtuma Konstebo Shadiah akichukue sasa hivi."

"Hapana."

"Asadu..."

"Mara ya kwanza niliwapa polisi, mkakiweka juu ya bati. Mara hii nakibeba mwenyewe. Shadiah akitaka, aje tukae wote garini anitazame."

Na ndivyo ilivyokuwa. Saa tisa alasiri gari lililoazimwa gereji lilisimama nje ya nyumba ya mwalimu. Shadiah alishuka na daftari ambalo alikuwa ameandika saa na dakika kila waliposimama. Asadu alishuka mikono ikiwa na grisi hadi viwikoni na chupa ya jamu imefungwa kwa kilemba cheupe. Hakuitoa mara moja.

"Kitarudi?" alimwuliza Wilkista.

"Nitachukua kijani kimoja. Kilichobaki ni cha mahakama, kisha ni chako."

"Na hicho kimoja?"

"Nacho kitarudi. Nakupa neno langu mbele ya hawa."

Ndipo alipomkabidhi.

Wilkista aliinama juu ya hadubini. Alikigeuza kioo kulifuata jua. Alikata kipande kingine cha kijani kile, na kingine. Alichora kwa penseli, akafuta, akachora. Asadu alisimama wima ukutani kama aliye kwenye mazishi. Mwishowe mwalimu alisogeza kiti kando.

"Tazama wewe. Uniambie unaona nini, bila kufikiria unachotaka."

Ramlah alitazama. Seli zilipangana kama sega la nyuki, na ndani ya kila moja, bila kukosa hata moja, lilikaa tone moja kubwa la hudhurungi, linang'aa.

"Moja moja," alisema. "Kila chumba kina moja."

Wilkista tayari alikuwa amefungua kalamu. Aliandika kurasa mbili kwa Kiswahili, kwa hati ya ubaoni, akatia sahihi, akaandika tarehe na saa.

"Dada," alisema Asadu taratibu, "maana yake ni kwamba Wahab alikunywa maji ya huko?"

"Alivuta maji ya huko kwa pumzi. Ingekuwa amenawa uso tu, angekipiga chafya kikatoka. Kilikuwa kimezama matundu yote mawili. Na maiti haivuti pumzi, Asadu. Alipofika Masese alikuwa amekwisha kufa."

Alitoa daftari lenye sahihi ya Emma, akalisoma tena. Popote hapana. Hata kukojoa hatukusimama. Mtu huyo alikuwa amefunga milango yote mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, akabaki ndani: Wahab alifia mlima uleule ambao yeye alitia sahihi kwamba hawakuupanda. Ramlah aliwapigia wenzake wa Mbale.

*

Ijumaa saa mbili asubuhi Emma alikuwa ameketi mbele ya polisi wa Mbale, akieleza kwa Kiswahili kirefu kwamba sasa ndiyo anakumbuka, ni kweli walipanda kidogo. Na saa tatu Ramlah aliweka kurasa za Wilkista mbele ya Mafabi.

Mafabi alisoma mpaka mwisho. Akazirudisha.

"Mkenya anatetea Mkenya."

"Tuache ushahidi wa Mwalimu, Afande. Tusome wa kwako." Ramlah alilifungua faili. "Ibra: tangu Jumatatu jioni Alfayo hakuondoka Masese hata hatua moja. Mchukuzi wa kwanza: hivyo hivyo. Mchukuzi wa pili: hivyo hivyo. Uliwaapisha wewe mwenyewe. Wahab alikufa Namukhoma siku ya Jumanne. Kama mashahidi wako ni wa kweli, Alfayo hakuwapo. Kama ni waongo, huna kesi. Chagua."

Mafabi alilitazama faili lake la chuma.

"Na hii sahihi yangu," Ramlah alisema, akiisukuma hati ya mashtaka kwa kidole, "hutaipata. Buwenge nitakwenda. Nitaongoza mbuzi. Lakini hutaipata."

Nje sauti za watu zilikuwa zikipanda. Tangu asubuhi jamaa za Wahab na watu wa mwalo walikuwa wamekusanyika kumwona Mkenya akipelekwa kortini. Mafabi alichungulia dirishani, akafuta jasho.

"Mtoe," alisema. "Lakini kwa mlango ya nyuma. Kimya. Avuke aende kwao."

Ramlah alimfungulia Alfayo, akamweleza. Dereva yule, mtu mkubwa wa mabega, ndevu za siku mbili, alisikiliza huku akifunga kamba za viatu alizorudishiwa. Kisha akauliza mlango wa nyuma uko wapi. Alipoonyeshwa, akaupa mgongo.

"Mliniingiza kwa mbele," alisema. "Watu wakitazama, mmenishika suruali kiunoni. Nikitoka kwa nyuma, mimi ndiye niliyemwua mpaka nife."

"Wako wengi huko nje, Alfayo."

"Nimewaona. Nawajua, ninawapakilia samaki. Nitatoka kwa mbele, Afande, ama nirudi selo."

Ramlah alimpima kwa macho. Kisha akavaa kofia yake, akaenda akaufungua mlango wa mbele.

Kelele zilikatika. Katika ngazi ya chini alisimama Hadijah, mama yake Wahab, mtandio mweupe, macho makavu. Mtu mmoja nyuma aliokota jiwe. Ndipo Asadu alipotoka katikati ya umati, akapanda ngazi, na mbele ya wote akamshika Alfayo mkono. Watu walishangaa. Huyu ndiye aliyemwosha mtoto wao, na mikono ya mwosha haijui kusema uongo juu ya maiti wake.

"Mama Hadijah," alisema, "mimi nilimwinamisha mtoto kichwa. Nilichotoa puani mwake si cha ziwa hili. Huyu mtu hakuondoka hapa. Wahab hakufia hapa."

Hadijah alimtazama Asadu, akamtazama Alfayo, akaitazama ile mikono miwili iliyoshikana. Hakulia. Alimgeukia Ramlah.

"Alifia maji ya wapi?"

"Ya mlimani, Mama. Mbale."

"Na unamjua aliyekuwa naye huko?"

"Tunaye tangu asubuhi. Bado hajasema yote."

Yule mama alisogea kando, njia ikafunguka mpaka barabarani. Alfayo akapita na Asadu, jiwe likaanguka chini bila kurushwa. Hadijah hakuwafuata kwa macho. Bado alikuwa akimtazama Ramlah, pale juu ya ngazi.

"Basi wewe," alisema, "unangoja nini hapa?"